Kufufua Datsun 240Z iliyoliwa na kutu bila kuuza kiwanja

Datsun yangu, yaani 240Z, gari la michezo la Kijapani la mwanzoni mwa miaka ya 1970, niliikuta Jinja, imelala chini ya mwembe nyuma ya nyumba ya mzee mmoja. Majani yalikuwa yameziba matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele, kuku walikuwa wanatagia kiti cha dereva, na nilipobonyeza sakafu ya upande wa abiria kwa kidole gumba, kidole kilitokeza chini. Mzee aliniapia kwamba injini ni nzima. Fundi niliyekwenda naye aliinama, akachungulia chini, akasema, "Ssebo (bwana), hii bodi imekufa." Wote wawili walisema kweli. Injini iliwaka baada ya wikendi tatu za kazi. Bodi ilinichukua karibu miaka miwili.

Kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana kwenye bati. Wengi wanaoshindwa njiani hawashindwi na injini. Wanashindwa kwa sababu walitumia pesa za kwanza kwenye rimu, rangi na redio, halafu mvua za Machi zikaja.

Kuna sababu nyingine ya kuyathamini haya mabaki. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza nchini gari la abiria lililopita miaka 15 tangu litengenezwe, kwa hiyo kuagiza 240Z kutoka Japani si njia ya mtu wa kawaida. Zilizopo ni zile zilizokwisha kuwapo. Na gari hili lina haki ya kuwa hapa. Lilishinda Safari Rally mwaka 1971, likiendeshwa na Edgar Herrmann, na likashinda tena mwaka 1973 likiwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye familia yake iliondoka wakati Waasia walipofukuzwa mwaka 1972. Mwaka huo wa 1973 Mehta alifungana pointi na Harry Källström, na ushindi ukaamuliwa kwa kanuni ya kuvunja sare. Kila ninapoona 240Z imegeuzwa banda la kuku nakumbuka hilo.

Kabla ya kutoa hata shilingi

Nenda na bisibisi ya zamani, sumaku ndogo, tochi na nguo za kulalia chini. Anza na namba. Namba ya chasisi imegongwa kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na dereva, upande wa injini. Kwa 240Z yenye usukani wa kulia, kama zetu, inaanza na HS30. Namba ya injini iko kwenye bloku, chini ya silinda hedi, karibu na maandishi L24. Linganisha zote na kadi ya gari. Kama kadi imepotea, au jina lililo ndani yake ni la marehemu ambaye warithi hawajamaliza mambo yake, acha kwanza karatasi zinyooke. Hata gari zuri kiasi gani halina faida kama hutaweza kuliandikisha.

Kisha tafuta kutu. Sumaku ikikataa kushika sehemu ya bati, hapo kuna fila nene (lile rojo la kujazia mashimo ya bodi) au kitambaa cha faiba. Bisibisi itumie kwenye sehemu hizi, na usione haya mbele ya mwenye gari: trei ya betri na bati lililo chini yake, kwa sababu asidi imedondoka hapo miaka mingi, sakafu za pande zote mbili, zile reli za chasisi zinazopita chini ya sakafu, vizingiti vya milango, kona ya bodi iliyo kati ya mlango na tairi la nyuma, shimo la tairi la akiba, ukingo wa chini wa mlango wa nyuma, na ndani ya madigadi ya mbele, nyuma ya tairi. Madigadi ya mbele kwenye gari hili yamefungwa kwa bolti, kwa hiyo yakiwa mabovu usiogope. Reli za chasisi zikiwa zimeoza hadi pale zinaposhika fimbo za kusimamishia magurudumu ya mbele, hapo bei lazima ishuke sana au uondoke.

Kwa nini sehemu hizo? Vumbi la marami, yaani la barabara za udongo mwekundu. Linaingia kwenye kila uwazi, linajazana ndani ya vizingiti, na likishika maji haliyaachi. Kampala, Entebbe na Jinja ziko kando ya ziwa, hewa ina unyevu karibu mwaka mzima, na mvua zinakuja misimu miwili. Bati linakuwa kama limefungiwa taulo bichi. Matundu ya kutolea maji yakizibwa na majani, kama yalivyozibwa na yale ya mwembe wangu, maji yanashuka ndani ya ukuta wa mbele na kutua sakafuni.

Kugawa pesa

Chukua pesa yote unayotarajia kuitumia kwa miezi 18, uigawe mafungu 10. Mimi ningefanya hivi: manne ya bati na kuchomelea, mawili ya breki, matairi na shokapu, mawili ya injini na mafuta, moja la rangi, moja la umeme, raba na viti. Bei ya kununulia gari haimo. Ukiona fungu la bati linakuchoma moyo, kumbuka kwamba mengi hapo ni kazi ya mikono, na sehemu kubwa unaweza kuifanya mwenyewe: kuvua, kusugua, kukata vipande vya karatasi ngumu kama vielelezo. Fundi wa kuchomelea umlipe kwa siku anazochomelea, si kwa siku anazofungua bolti.

Kuvua

Piga picha kila unapogusa kitu, kabla na baada. Kila kundi la nati na bolti liingie kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) yake pamoja na kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu ya risasi, kwa maana wino wa kalamu nyingine huyeyuka ukikutana na oili. Bolti iliyoganda ipake mchanganyiko wa oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, uiache usiku kucha, halafu igonge kichwani kwa nyundo kabla ya kuweka spana. Ikikataa, ipashe moto. Mchanganyiko huo na moto visikutane: futa kabisa kwanza.

Tangi la mafuta liondoe mapema na ulipeleke mbali na mahali pa kuchomelea. Tangi lililowahi kuwa na petroli lisichomelewe hata kama linaonekana kavu, maana mvuke unabaki ndani na unalipuka.

Kuondoa kutu: molasi na umeme

Hapa ndipo mtu wa Uganda ana bahati. Jinja na Lugazi ni nchi ya miwa, na molasi inayobaki viwandani wafugaji wanainunua kwa bei ndogo kulishia ng'ombe. Changanya sehemu moja ya molasi na sehemu tisa za maji kwenye pipa la plastiki, tumbukiza vipande vya chuma vyenye kutu, funika, uondoke. Baada ya wiki mbili au tatu, kutu inatoka kwa kusuguliwa na brashi na maji. Chuma chenyewe hakiliwi kama kinavyoliwa na asidi kali. Harufu ni mbaya kweli, kwa hiyo pipa liwe mbali na jirani.

Ila usitumbukize alumini, kwa sababu molasi inaitafuna. Kwenye 240Z hiyo inamaanisha kabureta, silinda hedi, na pia ngoma za breki za nyuma, ambazo zina ganda la alumini na ringi ya chuma ndani. Nilikaribia kutumbukiza ngoma zangu nikidhani ni chuma kitupu. Kijana aliyekuwa ananisaidia ndiye aliyeishika ngoma moja na kushangaa wepesi wake.

Vipande unavyovitaka haraka, kama bawaba, mabano na kanyagio, vifanyie kwa umeme. Beseni la plastiki, maji, na kijiko kimoja cha chakula cha soda ya kufulia kwa kila lita 4. Chaja ya betri ya volti 12: waya wa hasi kwenye kipande unachosafisha, waya wa chanya kwenye chuma chakavu cha kawaida, na viwili hivyo visigusane. Kwa masaa machache utaona povu na tope la rangi ya kahawia. Usitumie chuma cha pua upande wa chanya hata siku moja, kwa sababu kinatoa kromiamu yenye sumu kwenye maji. Na ifanyie nje, kwa kuwa lile povu ni hidrojeni, gesi inayolipuka. Zima chaja kwanza kabla ya kugusa waya.

Ukishatoa kipande kwenye maji yoyote kati ya haya mawili, kioshe, kikaushe juani na ukipake praima (rangi ya msingi) siku hiyohiyo. Hewa ya ziwa haingoji kesho.

Bodi yenyewe haiingii kwenye pipa. Hapo ni grainda yenye brashi ya waya, miwani, glavu za ngozi, kizuia vumbi, na subira. Endelea hadi uone bati jeupe linalong'aa, au tundu. Mahali panapobaki vidoadoa vyeusi kwenye vishimo vidogo, paka asidi ya fosfori ya kugeuzia kutu, usubiri ikauke, uoshe kama maelezo ya kopo yanavyosema.

Kukata na kuchomelea

Sasa tuongee kuhusu fila. Fundi mmoja wa Katwe, mtaa wa mafundi Kampala, aliniambia, kwa nia njema kabisa, kwamba kizingiti changu atakijaza fila na kitambaa cha faiba na nisingejua tofauti. Nilimwomba akivunje kwanza tuone ndani. Ndani hapakuwa na kitu. Kizingiti kile ndicho kinachoshikilia gari lisijikunje katikati. Kipande kilichooza kinakatwa hadi kwenye bati zima, na bati jipya linachomelewa mahali pake. Fila haifanyi kazi hiyo.

Kabla ya kukata chochote kikubwa, chomelea vyuma vya pembe vya mm 25 katikati ya nafasi za milango, kimoja mlalo na kingine mshazari. Pima umbali wa kona hadi kona pande zote mbili na uandike ukutani kwa chaki. Gari likae kwenye stendi nne zilizo sawa, si kwenye jeki wala matofali. Kata upande mmoja tu, umalize, ndipo uguse wa pili. Ukikata vizingiti vyote viwili kwa pamoja milango haitafunga tena, na hakuna fundi atakayekurudishia vipimo hivyo kwa bei ya kawaida.

Bati la kununua: geji 20 kwa bodi, yaani karibu mm 0.9, geji 18, karibu mm 1.2, kwa sakafu. Geji 16, karibu mm 1.6, kwa reli za chasisi. Boneti na paa za magari yaliyokatwakatwa pia ni bati zuri la bodi, na kwa wauza vyuma chakavu linapatikana kwa bei ya kilo. Lakini bati la kuezekea nyumba usilitumie, ingawa utaliona limebandikwa chini ya magari mengi. Ni jembamba mno kwa kazi hii, na ile zinki iliyopakwa juu yake ikichomwa inatoa moshi unaomletea mchomeleaji homa na kutetemeka.

Mashine iwe ya MIG, ile inayosukuma waya yenyewe, waya wa mm 0.6, na gesi. Kaboni dioksidi tupu inatosha. Mashine ya fimbo inayotengeneza mageti ya Kampala inatoboa bati la mm 0.9 kabla hujapumua. Kama huna MIG, mkodishe mwenye nayo kwa siku mbili au tatu baada ya wewe kukata, kuchonga na kubananisha kila kipande mahali pake kwa koleo za kubania. Hapo ndipo unapookoa pesa kweli.

Chomelea kwa nukta. Nukta moja huku, nyingine sentimita 10 mbali, urudi katikati bati likiwa limepoa kiasi cha kuligusa kwa mkono. Ukipiga mstari mrefu kwa mkupuo mmoja bati litajikunja kama chapati. Chomoa betri na altaneta kwanza, ondoa mazulia na kila kinachoshika moto, na mtu mmoja asimame na ndoo ya maji akichungulia upande wa pili, kwa sababu moto huanzia usikoona. Waya wa kurefushia umeme uwe mnene na mfupi, la sivyo volti zinashuka na nukta hazishiki, zinakaa juu ya bati tu.

Ukishamaliza, jaribu kila nukta kwa patasi. Ikibanduka, irudie.

Praima, fila kidogo, rangi

Juu ya bati safi paka praima ya epoksi ya sehemu mbili. Fila iwe ya kunyoosha tu, isizidi mm 3 baada ya kusuguliwa. Maungio yote ya chini yapake sila ya kuziba maji kabla ya rangi. Ndani ya vizingiti na reli, ambako brashi haifiki, nyunyiza nta ya matundu kwa mpira mrefu kupitia matundu ya asili, mara mbili. Mafuta machafu ya injini ambayo wengi wetu tunapaka chini ya gari yanaozesha raba na yana madhara kwa ngozi, kwa hiyo tafuta nta.

Kuna kosa moja linaua magari mengi hapa mjini. Gari linapakwa praima ya kawaida ya kijivu, pesa zinaisha, linasimama nje miezi sita. Praima hiyo inanyonya maji kama karatasi, na kutu inakua chini yake bila kuonekana. Kama pesa hazitoshi rangi, simama kwenye epoksi, chini ya paa. Usianze kijivu hadi uwe na pesa ya rangi mkononi.

Rangi ya bei nafuu na ya kudumu ni ya sehemu mbili isiyo ya metaliki, inayopigwa bila vanishi juu. Hadina yake (kigandishi) ina kemikali inayoharibu mapafu, na kitambaa cha mdomoni hakiizuii. Mpulizaji avae barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira, na watoto wawe mbali. Magari ya kiwanda ya Safari yalikuwa mekundu yenye boneti nyeusi, na boneti nyeusi isiyong'aa inaficha mawimbi madogo ya fundi anayeanza. Mimi nilichagua hivyo kwa sababu zote mbili.

Breki kabla ya injini

240Z ina diski mbele na ngoma nyuma. Badilisha raba zote: za masta silinda, za kalipa, za silinda za nyuma, na mipira yote ya breki hata kama inaonekana mizima, kwa kuwa inaoza kwa ndani. Paipu za chuma zenye kutu zitengenezwe upya. Mafuta ya breki ni DOT 3 mapya kutoka kopo lisilofunguliwa, na yakidondokea rangi yako mpya yanaibandua papo hapo, kwa hiyo weka maji karibu.

Injini

L24 ni injini ngumu kufa, yenye silinda sita na cc 2,393. Kama imesimama miaka, usiivute kwa gari jingine. Toa plagi, mimina vijiko viwili vya oili ya otomatiki iliyochanganywa na dizeli kwenye kila silinda, uiache siku nne. Kisha izungushe kwa mkono, kwa spana ndefu kwenye bolti ya mbele ya krankishafti, taratibu, mbele na nyuma. Ikizunguka mizunguko miwili kamili bila kugonga, badilisha oili na filta, funga betri, na uizungushe kwa stata bila plagi hadi geji ya oili ipande. Pima mgandamizo: silinda iliyo dhaifu isiwe chini ya asilimia 80 ya ile yenye nguvu.

Kabureta mbili za Hitachi zisafishwe, na zile bomba za juu zijazwe oili ya SAE 20. Mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4. Valvu zirekebishwe injini ikiwa moto: mm 0.25 za kuingiza, mm 0.30 za kutoa. Ukihitaji ringi, kipenyo cha silinda ni mm 83, sawa na L16 ya silinda nne iliyokuwa kwenye Datsun ndogo za zamani. Pale Kisekka, soko la spea la Kampala, usiulize spea za 240Z, kwa sababu ukitaja jina hilo bei inapanda au unaambiwa hakuna. Beba kipande cha zamani mkononi na uulize cha injini ya L16, L18 au L20B, kisha pima kwa kalipa ya kupimia kabla ya kulipa.

Umeme: safisha kila ungio la ardhini hadi chuma kitupu, badilisha boksi la fyuzi kama limeyeyuka, na usiongeze taa kubwa bila relei. Viti, mafundi wa sofa watakushonea vizuri ukiwaachia ganda la zamani kama kielelezo. Rimu ni za nati 4, mm 114.3, kipimo kilichotumika kwenye Nissan na Toyota nyingi za zamani, lakini hakikisha tairi haligusi shokapu usukani ukikatwa mwisho.

Baada ya kutoka gereji

Kilomita 500 za kwanza tembea karibu na nyumbani, na kaza upya nati za magurudumu baada ya 50. Badilisha oili kwenye 500. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, usilifunike gari. Liache linyeshewe, kisha inua mazulia, ingiza mkono chini ya kiti na kwenye shimo la tairi la akiba. Ukikuta maji, tafuta yalikopitia siku hiyohiyo, kwa tochi na mtu wa kumwaga maji juu, kabla hujarudisha zulia. Langu lilivuja kwenye raba ya mlango wa nyuma, kona ya kushoto. Kila Machi na kila Septemba, mvua zikianza, nasafisha matundu chini ya kioo cha mbele kwa waya laini na kuangalia kona ile.